Kuvuka Peñas Blancas kwa mabasi ya kawaida: inalipa kwa nani, na inamchosha nani

Kutoka San José, Kosta Rika, kwenda Nikaragua kwa barabara kuna namna mbili. Unaweza kupanda basi la kimataifa, la kampuni kama Ticabus, linalovuka mpaka na abiria wake hadi Managua. Au unaunga safari: basi la ndani hadi Peñas Blancas, kituo cha mpakani, miguu kuvuka mpaka, halafu basi la ndani la Nikaragua upande wa pili. Tunayoipima hapa ni hii ya kuunga, na hukumu yake inategemea unakoshukia. Kwa anayekwenda Rivas, San Juan del Sur au kisiwa cha Ometepe, kuunga ni bora hata kama nauli zingelingana. Anayetoka San José kwenda Managua bila kusimama popote ataokoa dola kumi na kitu hivi, na atazilipia kwa jasho.

Sababu iko kwenye ramani. Rivas iko kilomita 37 hivi tu kutoka mpakani, na basi la kimataifa linapita hapohapo likielekea kaskazini. Ukiomba kushushwa njiani, mara nyingi umeshalipa nauli ya hadi Managua. Kisha kuna suala la kusubiriana: basi la kimataifa haliondoki mpakani mpaka abiria wote wamegongewa mihuri na mizigo yote imekaguliwa, kwa hiyo mtu mmoja mwenye karatasi zenye utata anawachelewesha watu hamsini. Kwenye kuunga, ukimaliza yako unaondoka. Ila na wewe ukikwama, hakuna kondakta wa kukuulizia dirishani.

Kipande cha kwanza ndicho rahisi kuliko vyote. Mabasi ya Deldú hutoka San José hadi Peñas Blancas kwa saa sita hivi, yakipitia Liberia, mji wa Kosta Rika. Ukianzia Liberia kwenyewe ni chini ya saa mbili, na hapo ndipo nafuu ya safari hii inapoonekana wazi. Nauli za mabasi Kosta Rika hupangwa na mamlaka ya serikali, ARESEP, na hubandikwa ndani ya basi, kwa hiyo hakuna kupatana bei wala nauli ya mgeni. San José kata tiketi dirishani mapema, hasa Ijumaa na Jumapili. Ukipandia njiani unamlipa dereva, na dereva hapendi noti kubwa. Begi kubwa liende kwenye buti, lakini pasipoti ibaki mwilini kwa sababu polisi huweza kusimamisha basi na kukagua. Usishuke kwenye mji wa La Cruz hata abiria wengi wakishuka: mpaka uko kama kilomita 20 mbele. Utaona malori yamepanga foleni pembeni mwa barabara, mengine madereva wake wamefunga bembea chini ya tela na kulala. Basi litayapita. Anza kukusanya vitu vyako.

Ukishuka tu, utazungukwa. Watakuja wenye fomu mkononi, wenye kutaka kukubebea begi na wenye kukuambia foleni ni ndefu lakini wao wanajua mlango mwingine. Hakuna wanachouza ambacho hukipati mwenyewe. Fomu za uhamiaji ni za bure.

Kabla ya foleni ya muhuri, lipa kodi ya kutoka Kosta Rika kwa nchi kavu. Kodi yenyewe ni dola 7, na kwa kawaida huongezewa ada ya huduma kulingana na unapolipia. Vibanda binafsi vya karibu na kituo huwa na ada kubwa zaidi. Watu hukosea hapa kwa namna mbili. Wengine hupanga foleni ya uhamiaji kwanza, wakifika dirishani wanarudishwa kulipa na kuanza upya. Wengine huchukua risiti bila kuisoma. Risiti hubeba namba ya pasipoti, na tarakimu moja ikikosewa afisa anaweza kuikataa. Isome hapohapo, ukiwa bado mbele ya aliyekuandikia.

Baada ya muhuri wa kutoka, unatembea. Umbali si mkubwa, haufiki kilomita moja, lakini sehemu kubwa haina kivuli na unapita katikati ya malori. Kati ya Desemba na Machi eneo hili hupigwa na upepo mkali unaopita kwenye uwanda wa Ziwa Nikaragua kuelekea Pasifiki. Risiti, fomu na pasipoti vikae mfukoni, si mkononi. Ni kazi ya kuudhi kukimbiza kikaratasi cha dola saba chini ya tela la lori. Njiani kuna askari wanaotazama muhuri wa kutoka kabla hujaruhusiwa kusogea.

Upande wa Nikaragua ndiko muda unakoliwa. Kuna ada ndogo ya manispaa, dola 1, inayolipwa kibandani kabla ya jengo la uhamiaji. Ndani, mtalii hulipa dola 12: kumi za kadi ya utalii na mbili za huduma ya uhamiaji. Beba taslimu, tena dola, tena zenye afya. Noti iliyochanika pembeni hata kidogo, iliyoandikwa kwa kalamu au kugongwa muhuri, inarudishwa bila mjadala. Chenji nayo ni ya kubahatisha. Jitengenezee bahasha mapema: noti tatu za dola 1 na moja ya 10, na akiba ya noti ndogo chache.

Afisa atauliza kazi yako, unakolala na siku unazokaa. Jibu fupi, lenye jina la hoteli na mji, linatosha. Mara nyingine pasipoti huchukuliwa kwenda ofisi ya nyuma, nawe unaambiwa usubiri pembeni. Inaweza kuwa dakika kumi au saa nzima, na kulalamika hakuharakishi. Nikaragua hugawa nchi katika makundi ya visa, na wenye pasipoti za kundi linalohitaji idhini ya kabla hawaipati mpakani hata wakifika na hela. Hakikisha kundi lako ubalozini kabla ya kukata tiketi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinaweza kudaiwa na nchi zote mbili kulingana na ulikotoka, kwa hiyo kikae pamoja na pasipoti, si kwenye begi la buti.

Mizigo hupita kwenye mashine ya eksirei. Droni hazitakiwi Nikaragua, na forodha huzichukua. Usidhani kuificha katikati ya nguo kutasaidia, maana umbo lake kwenye kioo linajulikana. Iache Kosta Rika.

Ukitoka kwenye jengo, kundi la pili la wapiga debe litakuwa linakungoja, na hili ni la teksi. Wimbo wao ni mmoja: basi la mwisho limeondoka. Mchana, usiwaamini. Tembea hadi kwenye geti, wanapotazama pasipoti mara ya mwisho, kisha utayaona mabasi yenyewe: yale ya zamani ya shule za Marekani, yaliyopakwa rangi upya, viti vyake vya kukaa watoto wawili vikibeba watu wazima watatu. Kondakta anaita Rivas, Rivas. Nauli ni ya kordoba (sarafu ya Nikaragua) chache, haifiki dola mbili, na safari ni kama saa moja. Angalia jirani analipa kiasi gani ndipo utoe yako. Mzigo mkubwa unaorushwa juu ya basi au kurundikwa nyuma huweza kutozwa kidogo, na hiyo si wizi ilimradi ni kidogo. Mtu mrefu asikae juu ya tairi.

Kwa San Juan del Sur, mwambie kondakta mapema akushushe La Virgen, njia panda iliyo kando ya ziwa, kisha usubiri basi linalotoka Rivas kuelekea baharini. Ukiona mitambo mirefu ya upepo na volkano mbili za Ometepe zimesimama ndani ya maji, Concepción yenye ncha kali na Maderas iliyo butu, unakaribia. Anayekwenda Ometepe aendelee hadi Rivas na kuchukua teksi ya kuchangia hadi bandari ya San Jorge, kilomita nne hivi. Vivuko vya kwenda Moyogalpa, bandari ya Ometepe, huchukua kama saa moja. Huduma husimama jioni, na husimama pia ziwa likichafuka.

Fedha. Wabadilishaji wako pande zote mbili, na wanafaa kwa kuondoa kolon (sarafu ya Kosta Rika) zilizobaki, kwa sababu ukishaingia ndani ya Nikaragua utapata taabu kuzibadilisha. Tangu 2024 dola moja ni takribani kordoba 36.6 na kiwango hicho kimegandishwa, kwa hiyo huna sababu ya kukubali hesabu ya ajabu. Piga hesabu kwa simu yako, kwani vikokotoo vyao vina historia ya kudanganya. Pokea kordoba, zihesabu, ndipo utoe zako. Badilisha za nauli na chakula tu.

Saa ya kufika huamua safari nzima. Mpaka ukikukuta asubuhi, kila kosa lina nafasi ya kurekebishwa. Kuanzia saa kumi jioni mabasi ya Rivas yanaadimika, na hapo ndipo wimbo wa teksi unapogeuka kuwa kweli na bei inapanda kadiri jua linavyoshuka. Epuka pia wiki ya Pasaka na siku za kuelekea Krismasi, wakati Wanikaragua wanaofanya kazi Kosta Rika wanarudi makwao, na mwanzo wa Januari wanapogeuza. Siku hizo foleni hupimwa kwa saa nyingi, na hapo hata basi la kimataifa halina njia ya mkato.

Kwa anayekuja kinyume, kutoka Nikaragua kwenda Kosta Rika, ugumu unahamia upande wa kusini. Ada za kutoka Nikaragua ni ndogo, dola chache tu, lakini Kosta Rika huweza kudai tiketi ya kuonyesha utatoka nchini, na asiyekuwa nayo hununua ya basi papo hapo mpakani, kwa bei inayofuta akiba yote ya kuunga. Inunue kabla, ya tarehe utakayoitumia kweli. Na ukishapanda basi la kwenda Liberia usiiweke pasipoti mbali, kwa sababu ukaguzi wa polisi barabarani huwalenga zaidi wanaotoka mpakani kuelekea kusini.