Nakala Rudufu za Lahajedwali: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mtu anayetafuta kifaa au huduma ya kuhifadhi nakala za mafaili yake ya Excel au ya Calc (programu ya bure ya LibreOffice) huoneshwa ukubwa kwanza: terabaiti moja, terabaiti mbili, terabaiti tano. Kwa mwenye picha na video nyingi kipimo hicho kina maana, lakini kwa lahajedwali kinasaidia kidogo sana. Faili la kawaida la hesabu za mwezi huwa na uzito wa kilobaiti mia chache. Chukua faili la kilobaiti 500, likinakiliwa lote kila saa, kwa saa nane za kazi, kwa siku 250 za mwaka: utapata nakala 2,000, na uzito wake wote utakuwa gigabaiti moja tu. Kwa hiyo katika mwongozo huu sikupanga bidhaa kwa ukubwa wake. Nimezipanga kwa uwezo wake wa kukurudishia faili lilivyokuwa jana, mwezi uliopita, au kabla ya kufungwa kwa hesabu za mwaka.

Sababu yake ni namna lahajedwali inavyoharibika. Picha iliyoharibika hujionesha mara tu unapoifungua, ilhali lahajedwali huharibika kimyakimya. Mtu hupanga safuwima moja kwa alfabeti akasahau kuzichagua zilizo jirani yake, majina yakahama na malipo yakabaki palepale. Au hubandika tarakimu juu ya seli iliyokuwa na fomula, na tangu siku hiyo jumla haibadiliki tena hata ukiongeza mistari mia. Faili hufunguka vizuri, rangi zake zipo, na hakuna onyo lolote. Mimi niliwahi kugundua kosa la aina ya kwanza baada ya wiki sita. Nakala nilikuwa nazo tatu, katika sehemu tatu tofauti, na zote zilikuwa na kosa lilelile, kwa kuwa kila nakala mpya ilikuwa ikiandikwa juu ya ile iliyotangulia.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, au la kulitafuta katika maelezo ya huduma, ni hili: matoleo ya zamani ya faili huwekwa mangapi, na kwa muda gani? La pili ni kama kazi yote hufanyika bila mtu kukumbuka kubofya chochote. La tatu ni kama nakala inaweza kunusurika iwapo kompyuta itaibwa, itaungua au itaingiliwa na programu hasidi.

Kabla ya kulipa, inafaa kujua kile ambacho tayari unacho. Excel huhifadhi taarifa za uokoaji kila baada ya dakika 10 isipokuwa umebadilisha mpangilio, lakini taarifa hizo ni za kukuokoa programu inapojifunga ghafla, na si hazina ya matoleo ya zamani. Katika dirisha la kuhifadhi faili kwa jina jipya kuna pia chaguo la kutengeneza nakala kila mara. Ukiliwasha, Excel huacha toleo moja lililotangulia, lenye kiambishi .xlk, ndani ya folda ileile. LibreOffice Calc ina chaguo linalofanana nalo. Yawashe yote, kwa kuwa hayana gharama, ila usiyahesabu kuwa ulinzi: toleo moja lililo kwenye diski ileile hupotea pamoja na diski hiyo.

Nafasi ya kwanza: diski ya nje pamoja na programu ya mfumo wenyewe

Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta ya mezani, sijaona kinachoishinda diski ya nje ya kawaida inayoendeshwa na programu iliyomo tayari katika mfumo wa kompyuta. Kwenye Windows programu hiyo ni File History, iliyoletwa na Windows 8. Kwa mpangilio wake wa awali hunakili kila saa mafaili yaliyobadilika, na huyaweka matoleo yote bila kikomo cha muda mpaka diski ijae. Ukitaka, unaweza kuishusha hadi kila dakika 10. Kwenye Mac ni Time Machine, iliyoanza mwaka 2007, ambayo huweka nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi iliyotangulia, kisha hufuta zile kongwe zaidi nafasi inapokwisha. Unalipa mara moja tu, na kwa uzito wa lahajedwali historia hiyo inaweza kufika miaka kadhaa.

Katika kuchagua diski yenyewe, usilipie kasi. Diski ya sumaku inayozunguka inatosha kabisa kwa mafaili madogo. Ile ya SSD ina faida moja ya kweli katika kazi hii, kwamba haina sehemu zinazozunguka na hivyo huvumilia kuanguka, jambo la maana kwa anayeibeba begani kila siku. Kwa Time Machine, ambayo hunakili kompyuta nzima, ushauri wa Apple ni diski yenye angalau mara mbili ya ukubwa wa hifadhi ya kompyuta. Kwa File History, diski ndogo kuliko zote utakayoikuta sokoni itakutosha ukiwa na lahajedwali na barua tu.

Kuna mtego mmoja wa File History ambao huwanasa wengi. Programu hiyo hunakili folda za kawaida za mtumiaji, kama vile ya nyaraka na ya eneokazi. Mwenye kuweka hesabu zake katika folda aliyoitengeneza mwenyewe kwenye kizigeu kingine cha diski (kama D: badala ya C:) hana nakala yoyote mpaka aiongeze folda hiyo katika maktaba za Windows, na hakuna ujumbe utakaomwambia hivyo.

Udhaifu wa chaguo hili ni ujirani. Mwizi anayebeba kompyuta hubeba na diski iliyochomekwa ubavuni mwake. Programu za kudai fidia, kama ile ya WannaCry iliyoenea duniani Mei 2017, husimba, yaani hufunga kwa ufunguo wa siri, hata mafaili yaliyo kwenye diski zilizounganishwa. Dawa yake ni kununua diski mbili za bei nafuu badala ya moja ya gharama kubwa, na kuzibadilisha kila wiki, moja ikikaa katika jengo lingine. Time Machine hukubali diski zaidi ya moja na kupokezana nazo yenyewe. File History hutaka uibadilishe kwa mkono.

Mwenye kompyuta mpakato aisome orodha hii kwa kubadilisha nafasi ya kwanza na ya pili, kwa sababu diski isiyochomekwa hainakili kitu, na kompyuta ya kutembea nayo hukaa siku nyingi bila kuchomekwa chochote.

Nafasi ya pili: hifadhi ya wingu yenye historia ya matoleo

Hapa ndipo watu wengi wanapoanzia, na si vibaya, maana huduma hizi hutoa sehemu ya bure: Google Drive gigabaiti 15, OneDrive gigabaiti 5, Dropbox gigabaiti 2. Kwa lahajedwali pekee hata hiyo ya Dropbox ni kubwa. Nakala huondoka mezani mara tu kunapokuwa na intaneti, na mtu hahitaji kukumbuka kitu.

Lakini kazi ya msingi ya huduma hizi ni kusawazisha, na kusawazisha hueneza kosa kwa uaminifu uleule ambao hueneza kazi nzuri. Ukifuta faili kwenye kompyuta moja, hufutika kwingine kote. Kinachoifanya huduma iwe nakala rudufu ni historia ya matoleo, na hapo tofauti ni kubwa. Google Drive huweka matoleo ya zamani ya faili la Excel ulilolipakia kwa siku 30 au mpaka yafike 100, isipokuwa toleo uliloliwekea alama ya kudumu. Dropbox huweka siku 30 kwenye mipango ya kawaida ya mtu binafsi, na siku 180 kwenye baadhi ya mipango ya kazi. OneDrive, kwa akaunti binafsi, hukurudishia matoleo 25 ya mwisho. Lile kosa langu la wiki sita lingezipita siku 30 hizo, na matoleo 25 yanaweza kwisha ndani ya siku chache za kazi nzito.

Jambo la pili ni uhifadhi wa papo kwa papo katika Excel, ambao kwa wenye Microsoft 365 hufanya kazi faili linapokuwa katika OneDrive au SharePoint, hifadhi ya pamoja ya Microsoft kwa ofisi. Ni msaada mkubwa umeme ukikatika. Ni hatari kwa mtu mwenye tabia ya kufungua faili la mwaka jana, kujaribu tarakimu mbili tatu, kisha kulifunga bila kuhifadhi, kwani majaribio yake yameshahifadhiwa. Mwenye tabia hiyo, nami ni mmoja wao, aanze kwa kutengeneza nakala yenye jina jipya kabla ya kujaribu lolote.

La tatu linawahusu wanaoandika moja kwa moja katika Google Sheets. Mafaili yenye kiambishi .gsheet yanayoonekana kwenye folda ya kompyuta ni viungo tu vya kuelekea kwenye seva, bila hata tarakimu moja ndani yake. Kuyanakili kwenye diski ya nje ni sawa na kunakili anwani ya nyumba ukidhani umeibeba nyumba. Nakala halisi hupatikana kwa kulipakua faili katika muundo wa .xlsx, au kwa kutumia Google Takeout, ambayo inaweza kupangwa itoe data yako kila baada ya miezi miwili kwa mwaka mmoja.

Ukilipia huduma ya aina hii, lipia mpango unaorefusha historia. Mpango unaoongeza nafasi peke yake hautakuongezea ulinzi wowote.

Nafasi ya tatu: huduma za nakala rudufu za mtandaoni

Hizi ni tofauti na wingu la kusawazisha. Backblaze ni mfano unaojulikana: programu ndogo hukaa kimya, hupeleka mafaili yako kwenye seva za kampuni, na hukuruhusu kuchagua tarehe unayotaka kuirudia. Kwa kina cha historia huizidi nafasi ya pili, na ningeipandisha bila kusita kwa anayetunza hesabu za watu wengine. Imeshuka hadi hapa kwa sababu ni malipo yasiyokwisha kwa ajili ya mzigo mdogo, na kwa sababu upakiaji wa mara ya kwanza wa kompyuta nzima huchukua siku kadhaa kwenye intaneti ya polepole. Ukichagua kuweka ufunguo wako binafsi wa usimbaji, uandike kwenye karatasi na uifiche mahali salama: ukipotea, hata kampuni haiwezi kukufungulia.

Nafasi ya nne: seva ndogo ya hifadhi ya mtandao wa ndani

Kwa ofisi ya watu watano wanaotumia folda moja, kifaa cha kampuni kama Synology au QNAP, yaani kisanduku chenye diski kinachounganishwa na mtandao wa ofisi, ni ununuzi wa busara. Kwa mtu mmoja ni kupitiliza. Wauzaji husifu diski mbili zinazoandikwa sawasawa, na kweli moja ikifa nyingine huendelea, lakini faili ulilolifuta hufutika katika zote mbili kwa wakati mmoja. Ulinzi halisi uko katika picha za hali za kila siku, yaani kumbukumbu za mafaili yote yalivyokuwa siku hiyo, ambazo mfumo huzihifadhi ukiziwasha. Usikiache kifaa hicho wazi kwenye intaneti. Mwaka 2022 programu hasidi ya DeadBolt ilivisimba vingi vya aina hii vilivyokuwa vimeachwa hivyo.

Nafasi ya tano: flashi

Inafaa kwa kusafirisha faili tu. Hupotea, na mtu ndiye hugeuka kuwa mashine ya kunakili.

Ukishanunua

Kuna programu mbili za bure zinazoweza kukiongezea thamani karibu chochote ulichonunua. FreeFileSync hunakili folda moja kwenda nyingine na inaweza kuhamisha toleo la zamani kwenye folda ya pembeni likiwa na tarehe na saa katika jina lake; Duplicati hufanya nakala zilizosimbwa na kuzipeleka kwenye diski au kwenye wingu ulilonalo tayari. Katika kupanga ratiba, chagua saa ambayo Excel imefungwa, kwa kuwa faili lililo wazi linaweza kurukwa na programu isiyotumia huduma ya Windows ya kunakili mafaili yanayotumika.

Kisha fanya jaribio la kurejesha siku hiyohiyo. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza kazi za watengenezaji programu, ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu, na njia zake tano za nakala rudufu zikashindwa kuikomboa inavyotakiwa. Baadhi zilikuwa zimeshindwa zamani bila mtu kujua. Kwa lahajedwali jaribio ni jepesi. Chagua faili ambalo jumla yake unaikumbuka, badilisha tarakimu moja, hifadhi, subiri mzunguko wa nakala upite, kisha lirejeshe toleo la awali kwenye folda tofauti, kamwe si juu ya faili lililopo. Lifungue. Bofya seli ya jumla uone kama bado ina fomula, na linganisha tarakimu na ile uliyoikumbuka. Rudia hivyo kila unapofunga hesabu za robo mwaka.