Upanga wa mikono miwili mjini Nürnberg: uzoefu wangu wa miezi kumi na minane

Nilipompigia mamangu simu kumwambia kwamba jioni za Jumanne na Ijumaa nakwenda kwenye mazoezi ya upanga, yeye alisikia panga. "La kufyekea? Kwani huko kwenu kuna majani?" Ikabidi nianze upya, na mpaka leo sidhani kama ameridhika na maelezo.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Lamu, na huu ni mwaka wangu wa nne Nürnberg, kusini mwa Ujerumani. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa natafuta kitu cha kunitoa ndani majira ya baridi. Jimu nilijaribu ikanishinda: kila mtu ameziba masikio yake, hakuna salamu, unatoka jasho kama uko peke yako duniani. Ndipo mwenzangu wa zamu akanitajia kikundi kinachofundisha mapigano ya kale ya Ulaya, yale ya upanga mrefu, jambia na ngao ndogo, kwa kufuata vitabu walivyoviacha mabwana wa upanga kuanzia karne ya 14. Kikundi sikitaji jina. Nina lalamiko nao na pia nawapenda, na yote mawili nataka niyaseme kwa raha zangu.

Jioni mbili za kwanza ni bure. Mahali ni ukumbi wa michezo wa shule, wenye harufu ya raba na vumbi la mkeka. Nilikuta watu kumi na wanne: wanafunzi wa chuo, fundi wa magari, wanawake watatu, na mwalimu mwenye mvi ambaye kila mtu humwita kwa jina lake tu, hata watoto wa miaka kumi na minane. Mdomo wangu ulikataa. Namwita mwalimu, naye amezoea.

Kilichonishangaza mwanzo ni uzito. Filamu zimetufanya tuamini kwamba upanga wa Mzungu wa zamani ulihitaji fahali kuuinua. Nilipewa mkononi nikajikaza, kumbe ni kilo moja na gramu mia nne, urefu sentimita 132. Ndoo ya maji ni nzito mara kadhaa kuliko huo. Upanga wa mazoezi hauna makali. Kingo zake ni butu, ncha imekunjwa, na chuma chake hupinda kama upinde ukimdunga mtu, ili nguvu iishie kwenye chuma kabla haijafika kifuani. Wanaoanza hawapewi hata huo. Miezi miwili ya kwanza unashika wa nailoni, mwepesi, unaolia kama mwiko kwenye sufuria.

Niliuliza kama enzi hizo wanawake walishika silaha. Mwalimu hakunihutubia, alitoa simu akanionyesha picha. Kitabu cha kale kuliko vyote vinavyojulikana vya fani hii ni cha mapema karne ya 14, na leo kimehifadhiwa Royal Armouries, jumba la makumbusho ya silaha, mjini Leeds, Uingereza. Karibu picha zote ni za padri anayemfundisha mwanafunzi upanga na ngao ndogo. Ukifika kurasa za mwisho, mwanafunzi hayupo. Mahali pake amesimama mwanamke, jina lake limeandikwa Walpurgis, kavaa gauni refu, anashindana na padri vilevile. Basi, nikajiandikisha. (Baadaye nilionyeshwa kitabu kingine, cha bwana wa upanga Hans Talhoffer, cha mwaka 1467, chenye kesi ya mume na mke ya kuamuliwa kwa kupigana: mwanamume kasimamishwa ndani ya shimo mpaka kiunoni na rungu lake, mwanamke yuko juu, huru, na jiwe kalifunga kwenye kitambaa. Nilimtumia dada yangu picha hiyo. Mpaka sasa ameiweka kwenye wasifu wake wa simu.)

Sasa kuhusu mafunzo yenyewe, maana ndiyo unayoyalipia. Karibu kila tunachofundishwa kinarudi kwa bwana mmoja wa karne ya 14, Johannes Liechtenauer. Huyu elimu yake aliiweka katika beti, na beti zenyewe zimefungwa makusudi ili asiyefunzwa asiambulie kitu. Waliokuja nyuma yake, kama Sigmund Ringeck, ndio waliokaa wakazifumbua mstari kwa mstari. Mojawapo ya nakala za mafunzo yake imo humu humu mjini, kwenye jumba la makumbusho la Germanisches Nationalmuseum, ndani ya kitabu kidogo kilichoandikwa kwa mkono, kilichochanganya upanga na dawa na uganga na namna ya kukomaza chuma. Nimepita nje ya jumba hilo mara ngapi nikienda kazini, bila kujua! Wenzangu wanalalamika kwamba beti hazieleweki: kwa nini huyu mtu asiseme tu anachotaka kusema? Mimi nimekulia kwenye arusi za Lamu, nimeona wanawake wakitupiana mafumbo ambayo aliyekusudiwa peke yake ndiye huyajua. Sikuona la ajabu. Fundi gani anamwaga ufundi wake barazani?

Ila mafumbo yana gharama yake. Hakuna mlolongo wa walimu uliofika mpaka leo, na fani hii ilikatika. Watu wa sasa wameifufua kutoka kwenye karatasi, hasa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo kila pigo lina wafasiri wake. Kuna mkato uitwao Krumphau, mkato wa kupinda, ambao katika ukumbi wetu peke yake una madhehebu matatu. Ijumaa moja walibishana juu ya neno moja la Kijerumani cha kale kwa nusu saa nzima. Tumesimama, jasho linatupoa mgongoni, mmoja kashika kitabu, mwingine kashika upanga, na kila mmoja anasema "ona sasa". Kama huna subira na mambo haya utaona unapotezewa fedha. Mimi, nakiri, nilikwenda kukaa kwenye benchi nikala tende.

Kinachonirudisha kila wiki ni kitu kidogo, na kukieleza ni kazi. Kuna mkato wa kwanza kabisa, Zornhau, mkato wa hasira. Ni ule ambao mtu yeyote aliyeghadhibika angeutupa, kutoka bega la kulia kushuka. Wewe unakata hivyo, nami nakata hivyo, panga zinakutana katikati na kukwama. Anayeanza hapo hutaka kuuchomoa upanga apige tena, na akiuchomoa amekwisha. Unatakiwa ukae papo hapo chuma kinapogusana na chuma, usikilize. Mwenzako akiwa amelegea, ncha yako inakwenda usoni mwake moja kwa moja. Akiwa anasukuma, unaupandisha upanga wako, unauacha wake upite na nguvu zake, unampiga upande wa pili. Na kujua yupo katika lipi kunafanywa kwa viganja, maana macho huchelewa. Wenyewe wanaita Fühlen, kuhisi.

Mwezi wangu wa tano mwalimu alitupanga wawili wawili, tumevaa barakoa za wavu wa chuma, akatuambia tufumbe macho. Mwenzangu alikuwa bibi mmoja mstaafu, aliyewahi kusomesha hesabu, mwembamba, mpole, na mwenye mkono mgumu kama msumari. Panga zikagusana. Kwanza nilihisi mtetemo, kama ule wa mshipi samaki anapoonja chambo. Kisha uzito, sawasawa, hauongezeki wala haupungui. Nikangoja. Ghafla uzito ukapungua kidogo mno, kama mtu aliyefungua mdomo kusema akaghairi. Nikasukuma ncha mbele, nikaisikia inagota kwenye wavu wa barakoa yake. "Ndivyo hasa," akasema, nasi tukarudia mara kumi na tano, na mara kumi kati ya hizo alinipata yeye.

Nilikwenda kazini kesho yake nikamwinua mzee kitandani, nikatambua kwamba jambo hilo nalifanya kila siku. Mkono unajua goti litakataa kabla mwenye goti hajajua. Sikutegemea kujifunza kazi yangu kwenye ukumbi wa mapanga.

Kwa dada zangu wanaojistiri, maana najua mtauliza: inawezekana. Ndani navaa kofia ya pamba ya kubana badala ya mtandio. Usiweke pini hata moja, kwa sababu barakoa ikigongwa pini hiyo itakuingia kichwani. Jaketi ni nene na linafika mapajani, shingo yote imefunikwa, kwa hiyo ukishavaa hakuna anayejua wewe ni nani. Tatizo ni mieleka. Vitabu hivi vimejaa kukamatana: ukikaribiana sana unaacha upanga mkono mmoja, unamzungushia mwenzako mkono shingoni au kiunoni, unamwangusha. Nilisema mapema kwamba hayo nitafanya na wanawake tu. Mwalimu akajibu "sawa", na kwenye zoezi hilo hupangwa na bibi wa hesabu au na mmoja wa wale wengine. Hakuna aliyenitolea macho. Aprili na Septemba magharibi hunikuta mazoezini, nami huswali kwenye stoo ya vifaa, kati ya mipira ya kikapu.

Lalamiko langu ni hili. Mwezi wangu wa tatu tuliambiwa tunaweza kuanza kushindana kidogo kidogo, kwa chuma, nguvu nusu. Vifaa vya kuazima vilikuwa vimechukuliwa, nikapewa glavu kuukuu za mchezo wa lakrosi, ambazo kidole gumba hakina kinga yoyote ya maana. Niliyepangwa naye alikuwa kijana wa kimo cha mlango, na nusu ya nguvu zake ni nguvu zangu zote na chenji. Nilipoinua upanga kujikinga, wake ukashuka juu ya gumba langu la kulia. Sikupiga kelele, ila nililiona linavyobadilika rangi nilipovua glavu: jekundu, la zambarau, kisha kucha yote nyeusi. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa uko salama. Siku kumi sikuweza kumwinua mgonjwa, na msimamizi wangu kazini aliniuliza mara mbili, polepole, nirudie nilivyoumia.

Na mwalimu, ambaye namheshimu, alisema nini? Alisema nilitanguliza mikono badala ya upanga. Ni kweli niliitanguliza. Lakini mtu wa mwezi wa tatu asipotanguliza mikono, nani ataitanguliza? Kila mwenye uzoefu katika fani hii anajua kwamba mikono ndiyo inayopigwa zaidi, kwa sababu ndiyo iliyo mbele. Kikundi chenye rafu nzima ya mapanga mazuri na jozi nne tu za glavu nzito kimepanga bajeti yake kichwa chini. Kijana wa watu aliniletea keki Ijumaa iliyofuata. Mwalimu hakuomba radhi mpaka mwezi ukapita, na aliomba kwa sauti ya chini, akifunga begi.

Gharama: ada ni yuro 25 kwa mwezi, na kwa mji huu ni rahisi, madarasa ya dansi yananishinda bei. Kinachouma ni vifaa, ukiamua kuendelea. Barakoa nilinunua kwa yuro 110, nikachagua ile ambayo kitambaa chake cha shingoni kinahimili kuchomwa kwa nguvu ya nyutoni 1,600. Jaketi 190. Glavu nzito, baada ya yaliyonipata, 160, na sikujadili bei. Kinga ya koo 35. Upanga nilipata uliokwishatumika kwa 230, kutoka kwa mwanachama aliyehama mji, na magoti na ugoko 40. Jumla 765, nimezilipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Hakuna aliyenisukuma kununua, hilo nawapa haki yao. Ila nikikushauri kama mdogo wangu: anza na glavu, upanga nunua mwisho. Upanga utaazimwa popote.

Nimewapa nyota nne. Ya tano iko mfukoni mwangu, inangoja glavu.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Ami yangu ujanani alikuwa mchezaji wa kirumbizi, wale wanaume wawili wanaoingia katikati ya duara na bakora, zumari inalia, na sisi wanawake tunatazama kwa mbali. Alikuwa ameshasikia habari zangu. Jioni moja, baada ya kahawa, aliinuka akachukua bakora mbili nyuma ya mlango, moja akanitupia. "Ndoo tuteze," yaani njoo tucheze. Pale uani, mamangu akiwa kajishika kiuno, nikasimama kama nilivyofunzwa, mguu wa kushoto mbele. Ami hakusimama, alikuwa anazunguka, mabega yanacheza ngoma aliyoisikia yeye peke yake. Nikakata mkato wa hasira, bakora zikagongana, nami nikakaa hapo hapo kwenye mgusano nikisikiliza. Hakukuwa na cha kusikiliza. Bakora yake ilikuwa imeshaondoka zamani, na nilipojua ilipo ilikuwa imenigusa gumba, lile lile.

"Fimbo ya mtu waing'ang'aniani?" akaniuliza.