Ziwa Manyara: nenda kwa ajili ya ndege, simba wakitokea ni nyongeza

Niseme mapema: ukienda Manyara kwa sababu ya wale simba wanaolala juu ya miti, jiandae kurudi umenuna. Wapo, na kupanda wanapanda kweli, ila ni wachache na vichaka ni vingi. Kwa nini wanapanda? Wengine husema wanakimbia nzi, wengine joto, wengine wanatafuta upepo tu. Sisi hatukumwona hata mmoja, na bado hifadhi hii naipa nyota nne kati ya tano.

Kutoka Arusha ni kilomita 120 na ushee, lami mwanzo mwisho. Unafika Makuyuni, unakata kulia, unaingia Mto wa Mbu, na lango liko pale mji unapoishia kabla barabara haijaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu. Hapo ndipo tatizo lilipo. Watu wengi hupita Manyara njiani tu, mawazo yote yako Ngorongoro. Hata dereva tuliyepewa na kampuni tuliyokodi gari alikuwa na ratiba yake: kuingia asubuhi, kuona tembo, saa nane tuwe Karatu tunakula. Tukamwambia, "Kaka, sisi leo hatuendi popote, tunalala Mto wa Mbu." Alishangaa kidogo, kisha akazima injini chini ya mkuyu. Kuanzia hapo safari ikawa safari.

Kinachonivutia zaidi ni ule msitu wa getini. Ukiuona unaweza kudhani mvua hapa hainyeshi mchezo, kumbe sivyo. Maji ya mvua za nyanda za juu za Ngorongoro huzama kwenye miamba ya volkano, yakaja kutokea chini ya ukuta wa bonde kama chemchemi, na ndiyo yanayonywesha mikuyu hii hata kiangazi kikiwa kikali. Ndani yake kuna kima na makundi makubwa ya nyani wasio na haraka kabisa ya kukupisha barabarani. Funga vioo kama una ndizi.

Na kuna hondohondo. Hawa wa msituni ni wakubwa, weusi kwa weupe, na juu ya mdomo wana pembe nene. Utawasikia kabla hujawaona, mabawa yakivuma kama mtu anakung'uta mkeka. Wakati wa kutaga, jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba, na dume ndiye analeta matunda siku zote hizo akimlisha kupitia ule ufa. Tuliwatazama wakigombania kuyu zilizoiva mpaka shingo zikauma, na yule dereva wa ratiba ndiye alikuwa anatuonyesha, "Dada, mwingine yule pale, kushoto!"

Ukitaka kuwaona kwa usawa wa macho, kuna daraja la kamba linalopita juu ya miti, urefu wake mita 370. Lina ada yake mbali na kiingilio. Linayumba, kwa hiyo mwenye kuogopa kimo ajipime kwanza. Ushauri wangu ni kwenda asubuhi kabisa. Vikundi vya wanafunzi vikishafika, ndege wote wanahama mtaa.

Sasa ziwa. Picha za matangazo zinaonyesha ufukwe mzima umegeuka waridi kwa heroe. Inatokea, lakini si kila mwezi wala kila mwaka. Ziwa hili ni la magadi na halina kina kirefu; heroe wa aina ndogo (si makinda) hula vijimea vidogo mno vinavyostawi kwenye maji ya chumvi kali. Mvua ikizidi, maji yanapanda, chumvi inapungua makali, chakula kinapungua, nao wanahamia maziwa mengine. Kutaga hawatagi hapa, wanakwenda Natron. Miaka ya karibuni maji yalipanda sana, na utaona miti iliyokufa imesimama ziwani. Sisi tulikuta heroe kama mstari mwembamba kwa mbali, lakini mwari walikuwa karibu, pamoja na yangeyange, korongo wenye midomo ya njano, na kongoti waliosimama kama hawamdai mtu wala hawadaiwi. Hifadhi ina aina zaidi ya 350 za ndege, na kati ya Novemba na Aprili huongezeka wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Nyota niliyopunguza ni ya hapa: ziwa liko mbali na barabara sehemu nyingi, na bila darubini nzuri utaona vidoti tu. Azima darubini kwa mtu kabla hujatoka nyumbani.

Tembo tuliwaona, tena jirani kabisa. Ni hapa hapa, miaka ya 1960, Iain Douglas-Hamilton alikaa akiwachunguza tembo akimtambua kila mmoja kwa umbo la masikio yake. Baadaye ujangili uliwapiga vibaya. Leo wanakula kando ya gari lako bila kukujali.

Mambo ya mfukoni: getini fedha taslimu hawapokei, lipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, na beba kitambulisho cha NIDA ili ulipe kiingilio cha Mtanzania kwa shilingi, maana cha wageni ni kikubwa mara nyingi zaidi. Ukishuka kusini kuelekea Endabash, ndorobo, yaani mbung'o, wanauma kupitia shati, na wanapenda nguo za buluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki. Wenye siku moja tu wasifike huko. Wabaki msituni na ziwani. Kulala, Mto wa Mbu kuna vyumba na kambi za kila bei, na sokoni usiache zile ndizi nyekundu. Sisi tulinunua mkungu, tukaumaliza kabla ya kufika Makuyuni.