Ajira za shaba: Zambia au Katanga?

Ukanda wa shaba ni mmoja, lakini mpaka wa Zambia na Kongo umezaa masoko mawili tofauti ya kazi.

Katikati ya miaka ya 1970 migodi ya Zambia iliajiri watu zaidi ya 60,000. Ubinafsishaji wa ZCCM, kampuni ya serikali ya migodi, ulipokamilika mwaka 2000, walibaki kama 20,000 tu. Mchimbaji wa Kitwe au Mufulira alikuwa na nyumba ya kampuni, hospitali na shule ya watoto, na vingi vya hivyo vikaenda na kazi. Ajira zilirudi baadaye, nyingi kupitia wakandarasi, ila vyama vya wafanyakazi bado vina sauti.

Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, nako Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, iliporomoka. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kupitia mpango wa Benki ya Dunia. Leo Kongo inazalisha shaba nyingi kuliko Zambia, lakini kandokando ya migodi mikubwa ya Kolwezi maelfu huchimba kwa sururu na koleo na kubeba magunia mgongoni, bila mkataba wala pensheni. Kijana anayetafuta ajira rasmi, naona Zambia ina nafuu.