TAHADHARI: Muuza cheni za dhahabu Dodoma mjini, mi nimepigwa laki nne

Jamani wa Dodoma kuweni macho, kuna jamaa anazunguka Majengo mpaka Sabasaba na kibegi cha mgongoni, mpole, anaongea taratibu, eti katoka machimboni ana shida ya hela ya haraka. Mi kaniuzia cheni ya gramu 17 kwa laki nne, imegongwa 750, yaani karati 18, robo tatu dhahabu. Akatoa na sumaku, cheni haikunasa, nikaona basi imeisha hiyo. Kumbe shaba nayo hainasi!! Na hiyo 750 yeyote mwenye muhuri na nyundo anagonga.

Wiki mbili tu, na jasho la jua hili letu, shingo ya mama watoto ikawa kijani utadhani kapakwa mlenda. Dhahabu haishiki kutu, hewa na maji haviifanyi kitu, ndo maana hata vile vibati vya njano kwenye laini ya simu wanavipaka dhahabu. (Fedha ndo huwa inaweka weusi, ni salfa ya hewani hiyo, msije mkaitupa mkidhani feki.)

Nikaipeleka kwa mzee mmoja sonara, akaifunga uzi akaining'iniza kwenye mzani, gramu 17, akaizamisha kwenye glasi ya maji ikasoma 15. Akasema gawa 17 kwa hizo 2 zilizopungua, unapata 8.5, yaani ni nzito mara nane na nusu kuliko maji, hiyo shaba ya njano, karati 18 ingefika 15 na kitu. Mi bado nabisha, akaikwangua kwa tupa akadondosha tone la asidi ya nitriki, ikachemka povu la kijani mbele ya macho yangu. Nikanyamaza.

Sasa nasikia kaja na unga wa kijivu kwenye mfuko, eti platinamu ya masega ya ekzosi, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la gari. Ni kweli masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndo zinazosafisha moshi, lakini kwa gari moja ni gramu chache tu na kuzitoa ni kazi ya kiwanda, yeye mfuko mzima kautoa wapi?

Akikufuata mwambie mkapime kwanza Soko la Madini. Mi siku ile nilimwambia, akanijibu kule watatukata kodi bure, nikamuelewa kabisa na hela nikatoa. Namba yake haipatikani tangu jioni ile.