MBA ya mtandaoni: nilidhani nitasoma, kumbe nitaandika

Nimemaliza MBA, yaani shahada ya uzamili ya uendeshaji wa biashara, ya chuo kimoja cha Uingereza, miaka miwili na nusu, muda wote nikiwa kazini kwenye stoo ya dawa Mwanza. Watu huniuliza kama ni rahisi kwa kuwa hakuna darasa. Heri darasa! Darasani unaweza kukaa nyuma ukanyamaza. Huku ukinyamaza, mwalimu anajua hukuja.

Moduli zilikuwa nane, kila moja krediti 15, halafu mradi wa mwisho wa krediti 60. Kwa hesabu ya Waingereza, krediti moja ni saa 10 za kazi. Piga mwenyewe: moduli ya wiki 12 inakula saa 12 na nusu kwa wiki. Mimi nilizipata alfajiri, na Jumapili baada ya kanisa.

Video za mhadhara ni sehemu ndogo sana. Kazi yenyewe ni kuandika. Karibu kila wiki unachangia kwenye mjadala, unamjibu mwenzako kwa hoja na chanzo, kisha mwisho wa moduli unaleta ripoti ya maneno 3,000 kuhusu kampuni halisi. Ripoti yangu ya kwanza ya mkakati nilijaza nguvu tano za Porter, zile za mwaka 1979 za kupima ushindani (washindani waliopo, wapya wanaoingia, wateja, wauzaji wa malighafi na bidhaa mbadala), nikazieleza vizuri moja baada ya nyingine. Nikapata 52. Maoni ya mwalimu yalikuwa mstari mmoja: umeeleza, hujachambua. Alitaka nimwambie ni nguvu ipi inayoibana kampuni ile na ipi haina uzito. Ilinichukua moduli mbili kuelewa hilo. Na usilie ukiona 62: kwao 50 ni kufaulu, na kuanzia 70 ndiyo daraja la juu.

Moduli ya fedha niliiogopa, ikanigeuka kuwa rafiki. Milioni 10 unazoweka leo zikirudi milioni 12 baada ya miaka miwili, na fedha yako ingeweza kukuletea asilimia 15 kwa mwaka kwingine, thamani yake ya leo ni kama milioni 9.07. Umepata hasara huku unashangilia faida. Tangu hapo sijaangalia mchezo wa upatu kwa jicho lile lile.

Lakini moduli iliyolipa ada yangu ni ya uendeshaji. Tulifundishwa kugawa bidhaa makundi A, B na C kwa thamani ya matumizi ya mwaka: A ndiyo yenye thamani kubwa na ya kuhesabiwa mara nyingi zaidi, C ndiyo ya chini. Nikafanya asaimenti kwa orodha ya stoo yetu, nikakuta tunahesabu pamba kila wiki sawasawa na tunavyohesabu insulini. Bosi aliisoma, akabadilisha ratiba ya kuhesabu mwezi uliofuata.

Kazi ya kikundi sasa, jamani. Tulikuwa watano: Lagos, Dubai, Leeds, mimi, na mmoja ambaye hadi leo sijui alikuwa wapi. Alama moja kwa wote. Tulikutana saa tatu usiku yangu, watoto wamelala, na yule wa tano akatokea siku ya kuwasilisha akiuliza slaidi yake ni ipi. Kuna fomu ya kuwapima wenzako. Niliijaza kwa ukweli, bila huruma.

Sasa aibu yangu mwenyewe. Dedlaini ilikuwa saa 5:59 usiku ya Uingereza, ambayo kwetu ni saa 8:59 usiku, na mimi nilizoea kuleta kazi saa nane na nusu. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Wiki ile nikafungua ukurasa saa nane na nusu kama kawaida, nikakuta imeshahesabiwa kuwa nimechelewa tangu saa nane. Alama 10 zikakatwa. Nikalalamika, nikajibiwa kwa adabu kwamba tarehe ile ipo kwenye kalenda ya chuo. Ilikuwepo kweli.

Umeme ukikatika wakati wa mtihani unaosimamiwa kwa kamera ya kompyuta yako, piga picha ya taa iliyozimika na uwaandikie hapo hapo kwa simu. Mimi nilipewa kurudia bila adhabu.

Kabla hujalipa hata shilingi, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama tuzo ya chuo hicho inatambulika. Mimi niliuliza nikiwa moduli ya tatu, na wiki ile ya kusubiri jibu sikula vizuri.