Word au InDesign kwa Kitabu Unachojichapishia
Kwa gharama, Word huwa tayari imo kwenye kompyuta za wengi, ilhali InDesign ya Adobe, programu ya kupanga kurasa, hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na malipo yakikoma huwezi kuifungua kazi yako mwenyewe. Katika chapa ya karatasi, hata hivyo, InDesign hushinda waziwazi: huandaa picha kwa rangi nne za mtambo wa uchapaji, huongeza ukingo wa milimita 3 utakaokatwa, na hupima nafasi za maneno katika aya nzima, jambo lenye uzito kwa Kiswahili, ambacho vitenzi vyake virefu huacha mianya mibaya mistari inaponyooshwa pande zote mbili. Kwa kitabu cha kielektroniki tofauti hupungua. InDesign hutoa EPUB, aina ya faili ya vitabu hivyo, moja kwa moja. Faili la Word hupokewa na Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, ila vichwa vya sura viwekwe kwa mitindo (Styles) ya Word, si kwa kukuza herufi tu (kosa hili ni la kawaida mno). Masahihisho ni mepesi zaidi kwenye Word. Riwaya isiyo na picha haidai zaidi ya Word. Kitabu cha mapishi au cha watoto kinastahili InDesign, walau kwa mwezi mmoja wa kulipia.